Jina la Mahali Panapouma

Mwanawema, muuguzi wa kituo cha afya cha Ole, si mwoga. Ameshika vichwa vilivyopasuka na kuzalisha wanawake kwa mwanga wa simu. Lakini mchana ule alipoletewa Mzee Shaame, baba wa mumewe, aliyeanguka mkarafuuni, alitamani zamu ingekuwa ya mtu mwengine.

"Mbavu tu, mwanangu," alisema mzee, jasho likimtoka. "Nipe dawa nende zangu."

Mkono ulishika mbavu, ila miguu ndiyo isiyothubutu kutikisika, na presha ilikuwa ikishuka. Uongo ule Mwanawema aliuona. Lakini mzee wa Kipemba amtajie mke wa mwanawe mahali chini ya kitovu? Atakufa kwanza. Adabu ni kitu kizuri, sikatai, ila siku ile ilikuwa inaua mtu.

Akampigia Daktari Samwel wa hospitali ya Wete, simu akaiweka kwenye spika ili mikono ifanye kazi. "Toraksi nzima, abdomeni laini," alisema, akimaanisha kifua na tumbo. "Naogopa pelvisi."

"Ameona damu anapokojoa?"

Mzee alisikia, akajifanya hakusikia. Swali hilo Mwanawema hakuwa na ulimi wa kulirudia.

"Mwasema nni nyie?" mzee akauliza. "Nnazikwa kwa Kizungu?"

"Maneno ya kale hayo, baba. Mengi ni Kilatini, lugha ya Warumi."

Chuoni wenzake waliyakariri kama kasuku. Yeye aliyafukua mpaka akajua yametoka wapi. Sasa, huku akikunja shuka, akamsimulia. Uwazi wa ndani ya mwili uliitwa kavitasi, kutokana na kavusi, yaani kitu chenye shimo. Tundu linalopokea mfupa wa paja wakalipa jina la kibakuli cha siki. Na uwazi wa chini, uliozungukwa na mifupa ya nyonga, wakauita pelvisi.

"Maana yake beseni, baba. Waliona chombo, wakakitaja. Hamna aibu ndani yake."

Mzee akafumba macho.

"Maumivu yamo humo kwenye beseni," akasema mwishowe. "Na damu nimeiona."

Samwel alisikia. "Mfunge nyonga kwa shuka, kaza sana, asigeuzwe ovyo. Gari linakuja."

"Baba, nakufunga beseni."

"Funga."

Mzee aligeuza uso ukutani. Mwanawema alikaza mpaka mzee akaguna.

Gari la wagonjwa lilipofika, Hamad, mumewe, naye alikuwa amekuja mbio. Akamwambia mkewe akae mbele na dereva. Nyuma na baba atakaa yeye mwanawe, ndivyo inavyofaa.

Mzee Shaame akaushika mkono wa Mwanawema.

"Weye Hamad kaa mbele," alisema kwa sauti ndogo. "Huku namtaka mkwe wangu. Ndiye ajuaye nnaumwa wapi."