Kidole Changu Kwenye Picha ya Jiwe

Nakumbuka asubuhi tuliyomngoja Boke mgodini, huku Nyatike, atuletee picha ya jiwe letu. Boke alikuwa mtaalamu wa mawe, msichana Mkuria kutoka Isebania. Jiwe lilikuwa limekatwa bapa na kupigwa eksirei, na mashine ikayapa madini rangi: chuma nyekundu, dhahabu manjano. Tulitaka kujua kama ukuta wa chini wa shimo una dhahabu. Ukuta ule ulivuja maji, na bila sababu nzuri hakuna aliyetaka kuugusa.

Boke akafungua kompyuta. Manjano ilimeta, imelala pana katikati ya jiwe. Wanaume wakainua sururu. Odhiambo ndiye angetangulia.

Mimi nikautazama ule mstari wa manjano, mwanangu. Mstari ule ulikuwa na upana wa kidole gumba, na pale nilipagusa mimi. Nililibeba jiwe baada ya kukatwa, nikalisugua kama tunavyofanya wachimbaji wote, nione kama linang'aa. Mkono wangu ulikuwa umetoka kukamua dhahabu kwa zebaki, na chembe za vyote viwili zilikuwa bado vidoleni.

Dani Akoth, bibi tuliyemheshimu sote, mama yake Odhiambo, aliyetusagia mawe, akanitazama.

"Wee Ouma, mbona umekaa kama kuku aliyenyeshewa? Unajua nini?"

"Naona aibu, Dani."

"Ona tu. Lakini sema kabla mtoto wangu hajashuka. Ukuta ukimwangukia, hiyo aibu utampelekea nani?"

Nikasema, kwa kigugumizi. Boke hakunigombeza. Akatafuta zebaki kwenye picha, kitu ambacho hatukuwa tumekiuliza. Ikatokea palepale penye manjano.

"Zebaki ni ya mkononi. Dhahabu hii haikutoka ardhini," akasema.

"Basi tuchimbe kidole cha Ouma," mmoja akadakia, wakacheka sana. Odhiambo akaweka sururu chini.

Jiwe likakatwa upya, safari hii nikalifunga kwa karatasi bila kuligusa. Picha ya pili ilikuwa chuma tupu. Shimo tukalifukia, tukaanza kwingine.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukikosea kazini, sema watu wakiwa bado juu, wala usingoje kuulizwa kama nilivyongoja mimi. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Mashine huonyesha kilichowekwa mbele yake. Kilifikaje pale, hilo ni lako kulisema. Kicheko nilikivumilia, kikaisha.

Nyasaye akupe ujasiri wa kulitaja kosa lako, na kila unayeshuka naye shimoni apande jioni akiwa mzima.