Tui na Chicha

Neno kuchuja tulilijua jikoni. Unakuna nazi, unatia maji, unakamua kwa kifumbu. Tui linashuka, chicha inabaki. Baada ya Mapinduzi neno likahamia ofisini, na sisi wa mtaani hatukuarifiwa.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa. Mama, mtunzi wa kikundi chetu cha taarabu, alimtungia wimbo wa kumuaga. Hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa. Siku zile nyimbo zilipita kwanza kwa mkaguzi. Karatasi ikarudi imeandikwa: Haijachujwa. Nilipomsomea, mama alifurahi. Alidhani ni kama khanga, haijachuja, rangi yake ingali vile vile. Akawaimbia majirani wote kabla sijapata nafasi ya kumwambia kwamba maana yake ni kuwa haijaruhusiwa.

Tukaenda ofisini. Mkaguzi, kijana mwenye adabu zake, alitupa shikamoo, kisha akasema neno sultani halipiti. Mstari wenyewe ulikuwa: Sultani wa moyo wangu, keti nikukoshe miguu. Akaandika Mwenyekiti, cheo cha mkubwa wa nchi, badala yake. Akausoma kwa sauti, akafika kwenye miguu, akautazama mlango. Jasho likamtoka. Akamfuta Mwenyekiti naye, pakabaki tundu, akamwamuru mama akifika hapo anyamaze.

Mama akamuuliza, "Na chicha yangu iko wapi?"

Kijana hakufahamu.

"Nikichuja nazi, chicha nnabaki nayo mwenyewe. Neno ulilolitoa nipe nende nalo."

"Bi mkubwa, hilo sasa ni la serikali."

Njiani mama alilia. Mimi nilitamani kurudi nikamzabe kofi yule kijana na adabu zake.

Siku ya harusi mama aliimba vizuri. Alipofika penye tundu akafumba mdomo kama alivyoamriwa, ikabaki ngoma peke yake. Basi wanawake wote ukumbini, bila ya kuambiwa na mtu, wakalijaza: Sultani. Aliyeipaza sauti kuliko wote alikuwa mke wa mkaguzi. Bibi harusi akacheka huku analia, wanja ukamshuka mashavuni.

Asubuhi yake mkaguzi akabisha hodi, uso umemsawijika, kuuliza nani kaimba lile neno. Mama alikuwa jikoni anakamua nazi, wala hakuinuka.

"Mie nlinyamaza kama ulivyonambia, mwanangu. Kifumbu chako ndicho kinachovuja, na tundu lenyewe liko nyumbani kwako."