Majani Yasiyowasha

Tabitha wa Nkoaranga alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono mibaya. Mikono iliharibiwa na upupu wa mlimani, ule unaochemshwa kutibu miguu ya wazee, ambao mama yake alimfundisha kuuchuma kwa mikono mitupu. Ukikuwasha mpaka machozi, ndio wenyewe, usipokuwasha, tupa. Hakukuwa na kipimo kingine.

Basi mitumba iliporuhusiwa, soko la Ngaramtoni likafurika nguo za Ulaya, na Tabitha, maana nani asiyependa raha, akajinunulia glavu za ngozi. Siku ya kwanza alichuma kapu zima huku akiimba nyimbo za kwaya. Asubuhi ileile akampelekea jirani yake, mzee Sumari, fungu lake, akarudi nyumbani, akavua glavu na kushika majani yaliyobaki ili ayaanike.

Hayakuwasha.

Akayasugua moja moja kwenye kiwiko, shingoni, mpaka mdomoni. Baadhi yaliwasha kweli. Mengine yalikuwa laini kama mchicha. Alinyakua kapu lake. Alishuka mteremko wa migomba mbio, akianguka na kuinuka, akiomba njia nzima: Mungu wangu, asiwe amekunywa.

Alimkuta mzee barazani, kikombe kitupu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Dawa ya leo chungu kweli! Hii lazima itafanya kazi."

Tabitha alitamani kunyamaza. Nani angemwamini tena? Lakini mficha uchi hazai.

"Baba, nimekosea majani. Twende hospitali sasa hivi."

"Wewe ukosee?" Mzee alicheka sana. Hata hivyo mwanawe, Elifuraha, alimbeba mgongoni, na mzee akawa anamtania Tabitha kwamba siku hizi amekuwa mwoga kama kuku. Tabitha alikimbia nyuma yao na kapu lake, akimchungulia macho na midomo, akisikiliza kila pumzi. Hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake.

Hospitalini daktari kijana alimwaga majani mezani.

"Mama, haya ni majani gani? Nikiyajua, nitajua cha kumpa."

Tabitha aliyageuza, akayanusa, akayageuza tena. Kwa miaka thelathini watu walimletea yeye majani wayajue.

"Sijui," alisema.

Kitandani, mzee Sumari aliacha kucheka.

"Hujui? Wewe, mama?" aliuliza, akamshika daktari mkono kwa nguvu.