Ukuta wa Mama Uliopinda

Juzi, sebuleni kwa rafiki yangu mjini Nyamira, niliona picha ya miraba myeusi na myeupe, mistari yake ikionekana imepinda. Nilicheka hadi chai ikanitoka puani.

Mama aliwahi kuupamba ukuta wetu kule Manga hivyo hivyo, kwa masizi na udongo mweupe. Samadi mbichi aliyosiribia ilinuka hadi ng'ambo ya mto. Baba alipoingia, alirudi nyuma.

"Ukuta unaanguka. Naubomoa kabla wageni wa Sabato hawajafika."

"Baba Moraa, shika kamba hii kwanza," Mama alisema, akimwita kwa jina langu.

Waliivuta juu ya mstari mmoja mmoja, kutoka pembe hadi pembe. Kila mstari ulikuwa umenyooka sawasawa na kamba. Baba akavuta kiti, akaketi palepale chini ya ukuta.

Siku hizi najua ni macho yaliyodanganywa. Wakati ule niliamini kabisa kwamba ukuta ulinyooka kwa kumwogopa Mama.