Mkebe wa Ingénieur Bertin

Katika mtaa wetu wa Kikula, hapa Likasi, fundi anayerudisha mashine ikiwa na vipande vyake vyote huhesabiwa kuwa hakufanya kazi. Mteja hutaka kuona kilichotolewa, kama vile mgonjwa anavyotaka kuoneshwa jino lililong'olewa. Akishakiona huridhika na kwenda zake, lakini kitu chenyewe hakichukui. Mabaki, au reste kama tusemavyo hapa, ni ya fundi. Sijui nani aliianzisha desturi hii. Najua tu nani amenufaika nayo kuliko watu wote.

Bertin ana meza yake chini ya bati, kando ya barabara iendayo sokoni, na ubao wenye herufi nyekundu: ING. BERTIN, RADIO, TÉLÉ, AMPLI, TOUT, yaani kila kitu. Hakuna shule iliyompa cheo hicho cha uhandisi. Marehemu baba yake, karani aliyezaliwa na wazazi kutoka Kasai, alimwachia koleo mbili, chuma cha kulehemu na tabia ya kufunga tai siku za kazi. Cheo alijipa mwenyewe, watu wakamwitikia, na baada ya miaka ishirini hata mke wake humwita Ingénieur.

Ushahidi wa elimu yake ni mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vipande alivyovitoa katika mashine za watu. Mteja akisitasita, Bertin huutikisa. Hicho kishindo ndicho mtihani wake, shahada yake na dhamana ya kazi yake.

Vilivyomo humo, yeye huvijua kama mtu anavyowajua wapangaji wa nyumba ya jirani. Rezista, ambayo kazi yake ni kuubana umeme ili kisichohitaji mwingi kisipewe mwingi, kwake ni ushanga. Huichagua kwa rangi inayompendeza, ingawa mistari ile ya rangi ni tarakimu zinazosomeka. Kondensa, ambayo huweka umeme akiba na kuutoa pale unapopungua ili redio isingurume, ndiyo huilaumu kwa kila ugonjwa. Aliwahi kuifunga moja kinyume, chanya mahali pa hasi. Ikapasuka mbele ya mteja, moshi ukatanda. Bertin alikunja tai yake na kueleza kwa upole kwamba ile ampli ya kukuzia sauti ilikuwa imetoka katika kanisa lenye mapepo.

Haki yake nitampa: analehemu vizuri. Tone lake la risasi hung'aa na kukaa mahali pake. Ni mkono mwema uliopewa kichwa kisichouliza kwa nini.

Kioski changu kinakabiliana na meza yake. Nina cheti cha ufundi wa elektroniki, nilichokisomea miaka minne. Watu huniletea simu za kuchaji.

Mwaka jana Mama Mbombo, mjane anayekaa nyuma ya soko, aliuza cherehani yake ili aanze kutotoa vifaranga. Mkwe wake Albert alimtengenezea sanduku la kutotolea mayai linalotumia betri ya gari na paneli ya jua, maana umeme wa mjini haungojwi na yai. Ndani ya sanduku kulikuwa na kipande kidogo kinachohisi joto. Joto likishuka, kipande hicho huiarifu transista. Transista, kwa mkondo mdogo inaoupokea, hufungulia mkondo mkubwa zaidi. Mkondo huo huivuta relei, swichi ya sumaku, na relei huwasha taa zinazopasha mayai. Joto likitosha, mnyororo wote huachia, taa huzimika. Mayai tisini na sita yalilala humo. Hakuwa na cherehani tena, wala mtaji mwingine.

Siku ya tisa taa ziligoma kuwaka. Mama Mbombo akachomoa kibao cha vifaa na kukipeleka kwa Bertin. Waya mmoja ulikuwa umeachia. Bertin aliuona mara moja, akaulehemu kwa tone moja zuri, na kazi ikawa imekwisha. Lakini kazi iliyokwisha bila mabaki ingemshushia heshima. Akatafuta cha kutoa. Kando ya relei akakiona kitu chembamba cheusi chenye mstari wa fedha, akakikata, akakiinua watu wakione.

“Kantu haka kanalala kinyume,” alimwambia Mama Mbombo. “Hakapitishe courant hata kidogo. Kalikuwa bure.”

Kakatumbukia mkebeni. Waliokuwapo waliguna kwa heshima, akiwemo Willy muuza maandazi, ambaye hushangilia chochote kinachotokea karibu na karai lake.

Kitu chenyewe kilikuwa diodi, mlango unaofunguka upande mmoja tu. Bertin alisema kweli kwamba ilikuwa imelala kinyume na haikupitisha umeme; iliwekwa hivyo kwa makusudi. Lori lililojaa mawe ya shaba likishuka kutoka Kambove na kufunga breki ghafla, mzigo haufungi breki pamoja nalo. Huja mbele na kuponda kibanda cha dereva. Umeme uliomo katika koili ya relei, waya wake uliozungushwa, hufanya vivyo hivyo. Transista ikiukata, huruka na kurudi kwa nguvu ambayo betri yenyewe haina. Diodi humpa mwenda wazimu huyo njia ya kuzunguka hadi achoke. Isipokuwapo, kinachopondwa ni transista.

Nilivuka barabara na kumweleza Bertin hayo kwa sauti ya chini, nisimwaibishe. Yeye alijibu kwa sauti ya juu.

“Weye Élise uko na diplôme. Miye niko na mukebe. Mama achague.”

Mama Mbombo alimchagua mwenye mkebe.

Siku ya kumi na mbili transista ilikufa, na transista ikifa namna ile mara nyingi hubaki mlango wazi: taa hazikuzimika tena. Mama Mbombo aliwahi joto likiwa halijaharibu kitu. Bertin akaweka transista nyingine, akisema ya kwanza ilikuwa ya Kichina. Siku ya kumi na nne hiyo nayo ikafa. Akaweka kubwa zaidi, akisema ile ilikuwa imechoka. Siku ya kumi na sita Mama Mbombo alirudi kutoka ibadani akakuta kipimajoto kimefika digrii arobaini na moja, ilhali mayai hutaka thelathini na nane tu. Alichomoa kibao, akayafunika mayai kwa blanketi yasije yakapoa mno, akaja akakiweka kibao mbele yangu.

Nilimwambia kinachokosekana, na kwamba nilikuwa nazo diodi nyingi katika chaja mbovu. Hakutaka ya chaja. Alitaka yake. Akavuka barabara, akaumwaga mkebe wote juu ya meza ya Bertin.

“Ingénieur, tafuta kantu kangu.”

Bertin alinyoosha tai. Alipekua, akaokota kitu, akakitupa, akaokota kingine. Willy aliacha maandazi yake yaungue. Hatimaye Bertin akamkabidhi rezista yenye mistari mitatu ya rangi, kwa utulivu wa daktari.

Mama Mbombo alikileta kitu hicho kwangu na kuniuliza kama ndicho. Nilisema sicho. Akakubali ya chaja. Nikafunga diodi ya chaja na transista mpya, tukarudisha kibao sandukuni. Relei ikaanza kugonga kwa adabu, ikiwasha na kuzima.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga arobaini na mmoja. Mayai hamsini na matano hayakupasuka kamwe. Joto la siku ya kumi na sita lilikuwa limeyamaliza. Mama Mbombo alisubiri siku mbili zaidi, kwa sababu mtu huwa na matumaini hata pale kipimajoto kimekwisha kusema.

Kufikia wakati huo Bertin alikuwa akiwasimulia wateja wake jinsi alivyoiokoa mashine ya mjane, na kwamba mtoto fulani mwenye diplôme alikuja kugusagusa mwishoni tu. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya transista za Kichina Mama Mbombo alipotokea na beseni kichwani. Alilitua juu ya meza, karibu na mkebe, akaondoa kitambaa. Harufu ndiyo iliyowafikia watu kwanza.

“Nilihesabu,” alisema. “Ni hamsini na tano. Reste ni ya fundi.”

Akaondoka. Bertin aliangalia beseni kama alivyoziangalia diodi, bila kujua lifanywe nini. Hakuweza kulikataa, kwa maana desturi ilikuwa yake. Wala hakuweza kulitikisa. Wateja walikumbuka shughuli zao mmoja mmoja. Willy alihamisha karai lake upande wangu wa barabara.

Siku ya pili yake Bertin alisogeza meza hatua thelathini, karibu na kona, akaupaka ubao wake rangi upya, kuanzia ING. hadi TOUT. Yeye ambaye hajawahi kurudisha kitu bila kukipunguza, safari hii hakupunguza hata neno moja.