Pazia Tulilolishona Sisi

Mwaka ule tulikula shelisheli. Asubuhi la kuchemsha, mchana la kuchoma, usiku la nazi, na siku lisipopatikana tulikula ndizi mbichi, tukamshukuru Mungu huku tumenuna. Meli ya mchele ilikuwa ya kusemwa tu: iko njiani, iko Mombasa, fulani kaiona. Na wakati huohuo, madukani karibu na bandari ya Moroni, ungekuta matufaha mekundu ya Afrika Kusini yamepangwa kwa upole kama mayai, kwa sababu wale Wazungu wa kukodiwa, waliokuja na bunduki zao wakakaa wasiondoke, walipenda matufaha. Watu wa rika langu ukiwatajia mwaka wa matufaha hawakuulizi ni upi.

Ndio mwaka niliomwoza binti yangu wa kwanza.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Binti haendi kwa mtu. Mume ndiye anayehamia kwake, na akifika akute pamepambwa. Ya binti yangu niliijenga mtaani Magoudjou, uani kwangu, tangu yeye anatambaa, leo mfuko wa saruji, mwaka kesho mlango. Ilikuwa imekwisha, isipokuwa ukuta mmoja wa ukumbini, mpana, mtupu, mbaya kama uso wa mtu aliyekosa usingizi. Wenzangu kuta zao walizifunika kwa mazulia ya dukani yenye tausi. Mimi nikasema tausi simjui. Ukuta wa mwanangu utavaa kitu kilichoshonwa na watu ninaowajua.

Bwana harusi alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, karani wa bandarini. Na huko Mutsamudu nilikuwa na wifi. Kaka yangu alimwoa akahamia kwake, kama inavyopasa, na tangu siku hiyo mimi na mwanamke yule hatukuacha kuchokozana. Ni mfupi, mnene, ana ulimi wa wembe, na mkono wake kwenye sindano hauna mfano. Nikamtumia neno kwa msafiri: wanawake wa kwenu washone nusu ya pazia, sisi wa Moroni nusu, tuziunganishe kabla ya harusi. Jibu likarudi na msafiri mwingine, naye alilisema huku anacheka:

“Wifi yako anasema nyinyi mnajua kushona kofia tu. Lakini atakusaidia, kwa kuwa anakuhurumia.”

Tukaanza. Kitambaa kilikuwa marekani kutoka jora moja. Kimo tulikipata kwa kuunga mapana mawili ya kitambaa, hapo hapakosewi. Upana wa ukuta niliupima mwenyewe kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, nikaugawa kati, nikawapelekea wenzetu hesabu yao. Nyuzi zilipotuishia tulifumua masweta ya sufu ambayo jamaa wa Marseille hutuletea kila likizo, kama kwamba huku kuna theluji. Sweta la kijani likawa migomba. Jekundu likawa moto mlimani, maana tulimshona Karthala na moshi wake, na chini yake matao ya msikiti wa Ijumaa, na mawe meusi ya pwani. Mmoja wetu, mume wake mwalimu wa chuo cha Kurani, alishona samaki wengi wasio na macho, kwa sababu mumewe alimwambia macho ni kumwigiza Muumba. Wale samaki vipofu ninawapenda hadi leo.

Kila alasiri wenzangu walikuwa ukumbini pale, wametandika mikeka, sindano mkononi, matumbo yana shelisheli, wanasengenya. Walitoka Magoudjou, wengine Itsandra, na bibi mmoja alishuka Mvouni kwa miguu. Nilikuwa mkali. Mshono mbaya nilifumua mbele ya mwenyewe. Waliniita Kapteni. Sikukasirika.

Wiki ya harusi wifi akafika kwa boti na wenzake, wamejifunga shiromani zao nyekundu, leso za kwao, nusu ya pazia imeviringishwa kama maiti. Wakaikunjua. Ilikuwa Mutsamudu yenyewe: vichochoro, ngazi juu ya ngazi, mikarafuu, wanawake wamechungulia madirishani. Wifi akaniangalia.

“Sema basi. Au ulimi umeumwa na shelisheli?”

“Si mbaya,” nikasema.

“Si mbaya. Mwanamke huyu Mungu amsamehe.”

Tukatundika. Nusu yetu tukaianzishia pembe ya kushoto, yao pembe ya kulia, tukazivuta zikutane katikati. Hazikukutana. Katikati ulibaki ukuta wazi, kutoka juu hadi chini, mpana kuliko shubiri. Tukavuta tena. Wapi.

Wifi alinyoosha mkono wake akauweka kando ya wangu, kiwiko kwa kiwiko. Kidole chake cha kati kiliishia kwenye kiungo cha kati cha changu. Mimi ni mrefu, nina mikono ya kuchuma maembe bila ngazi. Nilipeleka hesabu ya dhiraa, sikupeleka mkono. Yeye alipima kwa wake, kama alivyofunzwa na mamake, na hakukosea hata uzi mmoja.

Walicheka hadi wengine wakaketi chini. Mama mdogo wangu, aliyekuwa mkubwa wetu wote, hakucheka. Alisema tuweke kabati mbele. Nikasema kabati siweki. Ndipo wifi alipoifungua shiromani yake, akachukua mkasi, akakata upindo. Hakuniuliza. Akamtazama wa pembeni yake, naye akakata. Wa Moroni nao wakakata leso zao, mimi nikakata ile niliyoolewa nayo. Tukaunga vipande vile, kila mwanamke chake juu ya cha mwenzake, hadi tukapata ukanda wa kujaza pale katikati.

Tulipomaliza tulirudi nyuma hadi mlangoni tukatazama. Kilichokuwa kasoro ndicho kilichoshika jicho. Ukanda ule ulikuwa kama njia kati ya mji na mji. Mama mdogo akaanza ile desturi yetu ya kujishusha: “Ah, mikono yetu mibovu, wageni watuvumilie.”

“Mikono yako mibovu wewe,” nikamwambia. “Mimi yangu mizuri. Kitu hiki ni kizuri, na nitalisema hilo mlangoni kwa kila atakayeingia.”

Akaniona mtovu wa adabu. Labda. Maisha yangu yote nimefunzwa kwamba mwanamke akifanya jambo aseme si kitu. Ni kitu.

Habari ilienea mjini upesi. Siku mbili kabla ya harusi gari lilisimama nje, akaingia bwana mmoja wa serikalini, tai shingoni. Mamake nilimjua, alikuwa jirani yetu zamani. Nyuma yake Mzungu mmoja wa wale wa kukodiwa, nguo nyeusi, bastola kiunoni. Mzungu huyo alitusalimia kwa lugha yetu, vizuri tu, akataka kukanyaga mkeka kwa mabuti.

“Mwambie avue,” wifi akamwambia yule bwana, “au asimame hapohapo.”

Mzungu akasimama hapohapo. Yule bwana alitazama pazia muda mrefu, na nitamtendea haki: alilipenda. Kisha akaeleza. Kuna karamu ya wageni wa nje. Wanalitaka pazia litundikwe huko kwanza, harusini litarudi. Ila pale katikati, kwenye yale matambara, tuyatoe, tuweke kitambaa safi chenye maneno ya shukrani kwa wakubwa na walinzi wao, kwamba kwa malezi yao akina mama wamefunzwa kazi hii. Uzi wa dhahabu alikuja nao, ndani ya kisanduku.

“Nani alitufunza?” wifi akauliza.

“Ni maneno tu, bweni,” akasema kwa heshima, kama tunavyomwita mwanamke mkubwa. Kisha akanigeukia mimi mwenye nyumba. “Na mchele wa harusi mtaletewa. Magunia. Leo hii.”

Mchele. Mjue ninachosema. Harusi kubwa bila wali kwetu ni aibu ya kurithiwa. Mama mdogo alinishika kiwiko.

“Mwanangu,” akanong’ona, “wali.”

Binti yangu alikuwa amesimama mlango wa chumbani. Uso wake ulikuwa unaniomba, lakini sikujua unaomba lipi.

Nikasema: “Hapo pamejaa. Tumeshona sisi, tumeshona vizuri, na jina la mtu mwingine haliingii.”

Mkitaka kujua yaliyofuata, nawaambia sasa. Sikufungwa. Harusi ililiwa kwa ndizi za nyama na shelisheli, na kuna watu Itsandra wananicheka hadi leo kwa ajili yake. Wacheke, meno ni yao. Wajukuu zangu wamezaliwa nyumba ile, wamejifunza kutambaa wakiwavuta samaki vipofu, na nikimkamata mgeni barazani simwachi hadi nimemwonyesha mshono upi ni wa nani.

Lakini saa ile hayo sikuyajua. Saa ile nilijua bastola, na kiwiko changu kinachobanwa, na wanawake wa miji miwili waliosimama nyuma yangu. Nilimsikia wifi akisogea mpaka bega lake likagusa ubavu wangu, maana ndipo linapofika.

Mzungu alisema neno kwa Kifaransa. Yule bwana akafuta jasho.

“Bweni, fikiri tena,” akasema. “Usijibu kwa hasira. Anauliza kwa mara ya mwisho, mnashona au hamshoni?”

Sikuwa na hasira. Nilimtazama Mzungu mwenyewe, kwa kuwa lugha yetu alijifanya anaijua, nikasema polepole:

“Hapo pamejaa. Tumeshona sisi, tumeshona vizuri, na jina la mtu mwingine haliingii.”