Magari Mawili ya Jirani

Jirani yetu huosha mwenyewe magari yake mawili kila Jumamosi, suruali ameikunja hadi magotini. Jipya ni la kifahari, la viti viwili, na paa lake hujikunja kwa kubonyeza kitufe. La zamani lina milango minne na kiti cha nyuma kirefu kama kitanda. Alilirithi kwa baba yake. Watu wakiyalinganisha, yeye hucheka kwa pua huku akisugua. "Hili jipya ni bwana harusi, linapenda kutazamwa," husema. "Lile ni shangazi, halikosi nafasi ya mgeni."

Siku mama yangu alipoanguka bafuni akavunjika nyonga, nilimkimbilia jirani huyo. Gari jipya lilikuwa limeziba njia. Alilisogeza kwa haraka hata likakwaruzwa ubavu mzima na nguzo ya geti, wala hakugeuka kutazama. Tulimlaza mama kwenye kile kiti kirefu, naye akaendesha polepole, akikwepa kila shimo, huku wa nyuma wakitupigia honi.

"Samahani, mwanangu, nakusumbua," mama alimwambia.

"Tulia, Mama. Waache wapige, honi ni zao," jirani alijibu.

Mfupa uliunga. Juzi mama, mkongojo mkononi, aliomba naye apandishwe lile la viti viwili. Walizunguka mtaa mzima paa likiwa wazi, akarudi kitambaa cha kichwa kimemshuka shingoni, anacheka kama msichana. Nikamuuliza ni gari lipi lililompendeza zaidi.

"Dereva," alisema.